"Ushauri Umetolewa": Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Songwe

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Yah: Saa ya mazungumzo kwa wagonjwa wa akili waliolazwa

Nakuandikia kutoka Tunduma kama mwalimu wa sekondari, na kama dada wa mgonjwa kwa mwaka wa nne sasa. Ningeweza kupanda gari nikaja Vwawa, nikakaa kwenye benchi la ofisi yako mpaka zamu yangu ifike, na naamini ungenisikiliza. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu familia zenye shida hii ni nyingi kuanzia hapa hadi Ileje, na kwa sababu wauguzi wenyewe wakiliandika jambo hili wataonekana wanajipigia debe.

Mdogo wangu ni dereva wa malori. Niseme alikuwa. Kwa miaka kumi na moja alipeleka mizigo Lubumbashi akitokea Dar es Salaam, na njia hiyo unaijua: Tunduma, Nakonde, halafu Zambia nzima hadi Kasumbalesa. Usiku mmoja, ng'ambo ya mpaka, gari lake lilimgonga mtoto. Polisi wa kule walichunguza wakamwachia, faini ikalipwa, na wiki iliyofuata alipangiwa safari kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sisi nyumbani tuliambiwa gari lilipata "hitilafu". Akaanza kunywa akiwa kwenye foleni ya malori mpakani, kwanza bia, kisha chochote kilichopita mikononi mwa wachuuzi wanaozunguka kati ya magari. Baadaye akaanza kumsikia mtu akigonga mlango wa gari usiku, naye akishuka hamwoni.

Tulipita wanakopita wengi. Tulikwenda kwa mganga wa kienyeji, tukaenda kwenye maombi, na kwa wiki mbili tulimfungia chumbani kwa kufuli, jambo ninaloliandika kwa aibu. Mwisho tukafika hospitali. Si hospitali ya mkoa huu, wala sitaitaja, kwa kuwa niliyoyaona pale nimeambiwa na ndugu wengine wa wagonjwa kwamba wameyaona kwingine pia. Alilazwa wiki tisa. Mbili za kwanza zilikuwa za kumtuliza, saba zilizobaki zikaitwa za utengamao. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, nikaongeza na ruhusa, nikapanga chumba karibu na geti.

Na dawa sina ugomvi. Alidungwa sindano, akahamia vidonge, na wiki ya pili ilipokwisha kugonga kule kulipungua. Alilala, alikula, alioga akiambiwa. Lakini alikaa ukingoni mwa kitanda kama abiria aliyeshushwa usiku kwenye stendi asiyoijua. Ukimuuliza anajibu "safi". Daktari alipita mara mbili kwa wiki, akasoma faili, akaniambia anaendelea vizuri. Na kweli, kwa yaliyoandikwa ndani ya faili lile, alikuwa anaendelea vizuri.

Aliyemfikia alikuwa sista mmoja wa zamu ya usiku. Saa tatu, akishagawa dawa, aliichukua ndoo ya kufulia, akaigeuza juu chini, akaikalia kando ya kitanda. Kiti hakikuwepo. Sikumsikia hata mara moja akimuuliza kwa nini anakunywa. Alimuuliza, "Siku yako inaanza kuharibika saa ngapi?" Mdogo wangu alifikiri kwa muda mrefu, akasema saa kumi jioni. Kwa nini saa kumi? Kwa sababu foleni ikifika Mpemba, saa kumi unajua leo huvuki. Injini zinazimwa, madereva wanashuka, majiko yanawashwa chini ya matela, na anayekwenda kulala humo garini anaanza kuhesabu muda uliobaki kabla ya giza.

Kesho yake sista aliniagiza daftari. Nikanunua lile dogo la mistari. Akamchorea safu nne: saa, nilichofanya, kilichokuja kichwani, uzito wake kuanzia sifuri hadi kumi. Halafu akaongea na mpishi, na kuanzia siku hiyo, kila saa kumi, mdogo wangu alipewa mpira wa maji amwagilie mchicha nyuma ya jiko la hospitali. Daftari ninalo mbele yangu ninapoandika. Ukurasa wa pili unasema: "Saa 10. Nimemwagilia. Amegonga sana. 9." Ukurasa wa kumi na moja: "Saa 10. Nimemwagilia, nimepalilia. Amegonga mara moja. 6."

Usiku wa tano wa zamu ya sista huyo, mdogo wangu alisema. Nilikuwa kwenye korido na chupa ya chai. Alieleza barabara, taa, kishindo. Sista hakumkatisha kwa "pole", wala hakumwambia ni mipango ya Mungu. Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa amevaa nini?" Mdogo wangu akajibu, "Sare ya shule." Ndipo akalia, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, na sista akabaki juu ya ndoo yake mpaka kilio kikaisha. Mimi niliyemuuguza miaka miwili ndiyo kwanza nasikia habari ya mtoto.

Nimesema nilikuwa korido. Maana yake nilisikia kila neno, na wodi nzima ilisikia. Kwenye kitanda cha tatu kutoka chake alilazwa mahabusu, na askari wake amekaa pembeni. Miezi baadaye mdogo wangu aliniambia kwamba ipo sehemu aliyoiruka usiku ule: kamba aliyokuwa ameificha nyuma ya kiti cha gari. Aliiruka kwa sababu ya yule askari. Daktari, hakuwa anababaika. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Sheria huwezi kuibadilisha wewe ukiwa Vwawa, najua. Mlango unaweza kuuweka. Mgonjwa anayetakiwa kusema jambo ambalo sheria inalihesabu kosa anahitaji chumba chenye mlango, hata kikiwa stoo iliyotolewa mashuka.

Kisha ikaja Jumatatu moja, sista akahamishiwa wodi ya wazazi. Hakukuwa na ubaya wa mtu. Wazazi walikuwa wengi na wauguzi wachache, ratiba ikabadilishwa. Aliyekuja badala yake alikuwa kijana mpole, mwenye bidii. Mdogo wangu alimpelekea daftari. Akalifungua, akalifunua kurasa mbili tatu, akamrudishia akisema, "Hili ni lenu nyinyi na sista." Hakuwa na namna ya kujua lilikuwa nini, maana ndani ya faili hakukuwa na neno. Saa kumi iliendelea kuja kila siku. Mpira wa maji ulipotea baada ya siku nne.

Tulipopewa ruhusa tulipewa na karatasi. Nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Ina jina la ugonjwa, dawa tatu na vipimo vyake, tarehe ya kurudi kliniki. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, kuna maneno mawili: Ushauri umetolewa.

Maneno hayo mawili ndiyo sababu ya barua hii. Ndani yake kuna ndoo, daftari, mchicha, sare ya shule, na saa kumi jioni. Lakini nimeshasikia pia, katika kituo kingine, muuguzi akimwambia mgonjwa amesimama mlangoni, "Acha pombe, mrudie Mungu, utapona," na pale napo ikaandikwa ushauri umetolewa. Anayesoma karatasi mbili hizo hawezi kujua ni nani alitibiwa na nani alikaripiwa. Tulipofika kliniki ya huku kwetu, muuguzi wa pale, bila kosa lolote, aliuliza swali pekee ambalo karatasi ilimruhusu kuuliza: "Unasumbuliwa na nini?" Mdogo wangu alinigeukia akasema, "Nimeshasema." Akatoka nje. Hakurudi tena pale ila kuchukua dawa, na baada ya miezi miwili alikuwa amerudia chupa. Sitadai kwamba mstari mmoja wa maandishi ungeizuia chupa ile. Nadai kwamba asingelazimika kumuua mtoto yule mara ya pili mbele ya mtu mgeni ili apate kusikilizwa.

Kazini kwetu tuna kitu kinaitwa andalio la somo. Walimu tunalilalamikia, na wakaguzi wakiondoka wengine tunalisahau. Lakini mwalimu akiugua katikati ya muhula, anayepokea darasa anafungua andalio na azimio la kazi, anajua wanafunzi wamefika wapi na wapi wamekwama. Hawaanzishi upya mada ya kwanza. Muuguzi aliyempokea mdogo wangu alipokea kitanda, faili na idadi ya vidonge. Somo lenyewe liliondoka na sista kwenda wodi ya wazazi.

Kwa hiyo ombi la kwanza, na kama utatekeleza moja tu basi liwe hili: katika faili la kila mgonjwa wa akili aliyelazwa mkoani mwako, pawe na ukurasa wa mazungumzo. Uandikwe tarehe, nani alizungumza naye, tatizo gani lilishughulikiwa, walikubaliana afanye nini, na wapi pa kuanzia safari ijayo. Mistari mitano inatosha. Siri zibaki siri: sikutaka mtoto na sare yake viandikwe kwenye karatasi ya ruhusa ambayo hata kondakta wa basi anaweza kuiona. Ilitosha kuandika, "Saa kumi jioni ni ngumu, anaandika daftari, mwendelezo unahitajika." Muuguzi wa huku angeanzia hapo.

Ukurasa huo ukiwepo, mengine yatafuata kwa shida kidogo. Kazi iliyoandikwa inaweza kupangiwa saa kwenye ratiba ya zamu. Inaweza kuhesabiwa, na wewe unajua kuliko mimi kwamba kwenye vitabu vya takwimu vya MTUHA kisichojazwa hakipo, na muuguzi anayejaza utendaji wake kwenye mfumo wa PEPMIS hana pa kuweka usiku kumi wa kukaa juu ya ndoo. Sista yule, kwa hesabu za serikali, usiku ule alikuwa amepumzika.

Nasikia jibu likija: wauguzi hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 katika mkoa huu, na Tunduma peke yake zaidi ya 200,000, bila ya madereva wanaolala barabarani ambao hesabu yao hubadilika kila usiku. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchi nzima ni wachache mno, na anayehitaji hospitali ya taifa anasafirishwa mpaka Mirembe, Dodoma, safari ya kilomita kama 700. Kwa uchache huohuo ndiyo nasema mazungumzo yawe ya wauguzi. Daktari bingwa akija atapita. Muuguzi ndiye anayekuwepo saa kumi jioni, na ndiye anayekuwepo saa tisa usiku.

Wala si kazi tunayowabambikia. Mwaka 1952 muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, alichapisha kitabu kinachoeleza kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa wenyewe ni uuguzi, wenye hatua zake na mafunzo yake. Hiyo ni miaka tisa kabla ya Uhuru wetu. Na majirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watu wa kawaida waliofunzwa kwa wiki mbili waliendesha vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona katika vijiji 15 kati ya 30 vya utafiti, kikao cha dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliokuwa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwemo. Harare nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi wa mtaani waliokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Kishona kina neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na bibi wale walianzia kwenye neno hilo, wakaacha majina ya vitabuni. Huku kwetu tunasema "ana mawazo", na kila mtu anaelewa.

Nisikudanganye, Daktari. Wale wa Masaka na Harare hawakuwa wamelazwa, na wengi wao hawakuwa wakisikia sauti. Mgonjwa aliyechanganyikiwa kabisa hahitaji daftari wiki ya kwanza, anahitaji sindano na usingizi. Na pombe inapokatwa ghafla inaweza kuua, hilo si la kuzungumza, ni la kutibu. Ninayemwombea ni yule wa wiki ya tatu, sauti zimetulia, anakula, na siku nzima haina kitu ndani yake. Ndiye tunayemwita yuko kwenye utengamao, naye tumemwekea kitanda tu.

Tuna historia ya kujivunia katika jambo hili, ila tuliikamata kwa mkono mmoja. Kule Lutindi, juu ya milima ya Usambara, wagonjwa wa akili wamelima na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba kwa vizazi. Baada ya Uhuru zikaanzishwa vijiji ambako waliotoka hospitalini walilima na kufuga, Hombolo kwa Dodoma na Vikuruti upande wa Dar es Salaam. Jembe tulilikubali mapema kuwa dawa. Mchicha wa mdogo wangu ni mjukuu wa mashamba yale. Lakini mchicha peke yake ungekuwa kibarua cha bure kama sista asingemuuliza usiku kilichokuja kichwani alipokuwa akimwagilia.

Jambo la pili ninaloliomba, basi, ni kwamba muuguzi aliyeanza na mgonjwa asihamishwe wodi mpaka mgonjwa huyo aruhusiwe, na ikishindikana, wakae watatu, yeye na mrithi wake na mgonjwa, kwa dakika kumi. Dakika kumi. Makondakta wa mabasi wanakabidhiana abiria kwa muda mrefu kuliko huo.

Na wauguzi wenyewe wapate wa kuwasikiliza. Asubuhi ile baada ya mdogo wangu kusema habari ya mtoto, nilimkuta sista nje, karibu na bomba, anaosha uso. Alikuwa na mtoto wa darasa la tatu. Aliniambia hivyo tu, akaingia ndani kukabidhi ripoti ya zamu, na ripoti ikasema wodi ilikuwa shwari. Mara moja kwa mwezi mtu mwenye ujuzi, kutoka Mbeya kwenye hospitali ya kanda au hata kwa simu, akae na wauguzi wanaofanya kazi hii wasimulie wanachobeba. Pia atawarekebisha, maana si kila anayezungumza anatibu, na yule wa "mrudie Mungu" naye anahitaji kufundishwa. Simlaumu. Labda hakuna aliyewahi kumwonyesha namna nyingine.

La lugha nalitaja kwa haraka. Wagonjwa wetu wengi hulia kwa Kinyamwanga au Kinyiha, na wale wa barabarani kwa Kibemba na Kiswahili cha Kongo. Muuguzi anayejua mojawapo ni mali. Msimpange dirisha la kuandikisha.

Mdogo wangu yuko nyumbani sasa. Amepunguza, hajaacha. Anapakia mizigo stoo ya jamaa yetu, si mbali na forodha, na usukani hajaushika tena. Saa kumi jioni namwona anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono: atafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, ataifungua baiskeli ya mwanangu na kuifunga tena. Sijui la kumuuliza akimaliza. Nilijaribu mara moja kuuliza kama sista, akacheka, akaniambia, "Dada, wewe ni mwalimu, utanisahihisha."

Daftari liko kabatini. Kurasa kumi na tisa zimeandikwa, zilizobaki ni nyeupe. Akipatikana muuguzi mkoani mwako wa kuendelea kuanzia ule wa ishirini, mwenye chumba na saa yake, nijulishe. Nitakuja naye mwenyewe, na daftari, kwa gari la kwanza la asubuhi.

Wako,

Mwalimu, na dada wa mgonjwa
Tunduma

Nakala: Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania